Somo la Redio kwa Madarasa ya Watu Wazima: Shada la Maua ya Nyumbani

Ninyi mlioketi darasani Gehandu, na ninyi mlio katika vijiji vingine vya Mbulu na Hanang, wekeni daftari na kalamu mbele yenu. Ninyi mnaosoma somo hili katika karatasi baada ya redio kunyamaza, someni polepole, na kila neno gumu lisomeni mara mbili.

Leo tutajifunza kutengeneza shada la maua kwa maua ya nyumbani. Shada ni fungu la maua lililopangwa na kufungwa pamoja ili apewe mtu, au liwekwe mahali pa heshima. Tutajifunza kukata, kupanga, kufunga na kutunza. Mwisho tutaandika daftari la maua.

KWA NINI TUJIFUNZE JAMBO HILI

Huenda mmoja wenu anauliza, "Maua yana faida gani? Hayaliwi, wala hayauzwi mnadani." Ni swali la haki, nami nitalijibu.

Fikirini siku kubwa za maisha yetu. Bibi arusi anapokwenda kanisani anashika maua. Mtoto anapomaliza shule anavishwa maua. Mzee wetu anapozikwa, maua huwekwa juu ya kaburi lake. Siku hizo watu wengi hupeleka fedha mjini kununua shada la plastiki, na huku nyuma ya nyumba zao maua yamesimama hayana mwenyewe.

Hasara ya kwanza ni fedha hiyo. Hasara ya pili huonekana baadaye. Shada la plastiki haliozi. Jua hulikausha, likavunjika vipande vipande, na upepo ukavitawanya malishoni. Ng'ombe akila plastiki, haiwezi kusagika tumboni mwake. Hukaa humo na kujikusanya, mnyama akakonda, na mara nyingine akafa. Mfugaji anajua thamani ya ng'ombe mmoja. Serikali yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni 2019. Basi sisi nasi tufikiri kabla ya kupeleka plastiki nyingine makaburini.

Tena, shada ulilolifunga kwa mkono wako lina heshima yake. Mfiwa akiliona anajua kwamba umetumia asubuhi yako kwa ajili yake.

SHADA SI JAMBO GENI

Msidhani kwamba kufunga maua ni desturi ya wageni peke yao. Katika pwani yetu, kama Unguja na Mombasa, wanawake tangu zamani hufunga vikuba. Kikuba ni fungu dogo la maua na majani yanukiayo, kama asumini, rehani, vilua na mkadi. Mwanamke hukivaa kifuani au katika nywele, hasa siku za harusi. Kule Kilimanjaro, Wachaga hutumia jani la isale kuomba msamaha. Jani moja tu, lakini kila mtu anaelewa maana yake.

Hata Ulaya wako waliofundisha kutumia mimea ya kawaida. Bibi Constance Spry wa Uingereza alikuwa fundi mashuhuri wa maua, na mwaka 1953 alipewa kazi katika mapambo ya maua ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Bibi huyu hakuona haya kuchanganya maua na majani ya sukuma wiki, nyasi, na matunda ya porini. Watu walishangaa kwanza, kisha wakamwiga. Ikiwa majani ya sukuma wiki yalifaa katika nyumba za wakubwa wa London, kwa nini yasifae katika meza yetu?

Yako pia maua ya biashara. Kenya hulima mawaridi mengi karibu na ziwa Naivasha na kuyapeleka Ulaya kwa ndege. Kazi ile inataka mtaji, nyumba za kuoteshea na vyumba vya baridi. Sisi leo hatuzungumzi juu ya kazi ile. Tunazungumza juu ya kiwanja cha nyumba, jembe moja na ndoo moja.

MAJIRA YETU NA MAUA YAKE

Maua hufuata mvua. Kwetu mvua huanza mwezi wa Novemba au Desemba, na huisha Aprili au Mei. Baada yake huja baridi ya Juni na Julai, kisha ukavu na upepo mpaka mvua irudi.

Wakati wa mvua mna maua mengi ya kupandwa kwa mbegu, kama zinia, kosmosi na marigoldi. Mengi mnayaona kila siku bila kuyajua majina. Zinia ni lile ua gumu lenye rangi kali, jekundu, la machungwa au la waridi. Kosmosi ni jepesi, lina bua jembamba na majani kama nyuzi. Dalia hutoka katika viazi vyake ardhini, na ua lake ni kubwa, lenye petali nyingi.

Shamba nalo lina maua. Alizeti inapochanua, vichwa vyake vidogo vya pembeni vinafaa sana katika shada. Kitunguu ulichokiacha kikatoa ua kina kichwa cheupe cha mviringo kama mpira. Giligilani ikichanua hutoa maua meupe madogo madogo, mazuri kwa kujaza nafasi. Mchicha mwekundu una mikia inayoning'inia.

Kiangazi kinapoingia, msiseme, "Maua yamekwisha." Ngano imekomaa, na masuke yake yana rangi ya dhahabu. Uko ulezi, uko mtama, yako manyasi marefu ya kando ya njia. Bogenvilia huchanua vizuri hata katika ukavu. Jerenia huvumilia. Majani ya isale hubaki kijani. Shada la Agosti halitafanana na shada la Aprili, wala halihitaji kufanana nalo.

Neno moja juu ya mlima. Msiende kuchuma wala kung'oa mimea katika msitu wa Mlima Hanang. Msitu ule ni hifadhi, na mizizi yake hushika udongo. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka mlimani vikaingia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Mlima uachiwe vilivyo vyake. Maua ya shada na yatoke katika viwanja vyetu.

KUKATA

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Andikeni kanuni hizi.

Kwanza, kata asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali. Usiku mmea umejaza maji katika mabua yake. Ua lililokatwa saa saba mchana lina kiu tayari, nalo hunyauka upesi.

Pili, tumia kisu kikali au mkasi mkali, tena safi. Kisu butu hupondaponda bua na kuziba njia za maji.

Tatu, kata kwa mshazari, yaani kwa kulaza kisu upande. Hivyo bua halitaketi bapa katika kitako cha ndoo, na maji yatapita.

Nne, nenda bustanini na ndoo yenye maji. Kila ua likikatwa, litie majini mara moja. Usiyabebe maua kwapani huku ukizungumza na jirani.

Tano, ondoa majani yote yatakayokuwa ndani ya maji. Majani yakioza majini huzaa vijidudu, na vijidudu huziba mabua.

Sita, yaache maua ndani ya ndoo, mahali pa kivuli, kwa saa chache kabla ya kuyafunga, ili yanywe kwanza.

Si kila ua hukatwa katika hali moja. Waridi likatwe wakati tumba linaanza kufunguka. Dalia likatwe likiwa limefunguka karibu lote, maana tumba lake likikatwa halifunguki tena. Zinia lina jaribio lake: shika bua chini kidogo ya ua, ulitikise. Kama shingo inalegea, ua bado ni changa, liache. Kama bua linasimama imara, kata. Lile ua kubwa jekundu la haibiskasi, linalopandwa katika ua wa nyumba, huishi siku moja tu kisha hujikunja. Liache palepale lipambe nyumba yako.

KUPANGA NA KUFUNGA

Liko shada la duara, maua yote yamebanwa sawasawa kama mpira. Sisi leo tunajifunza shada la mtindo wa bustani. Maua hukaa kama yalivyokaa bustanini, moja juu, moja chini, jingine limeinama kidogo. Shada hili ndilo rahisi kwa mtu wa nyumbani, kwa sababu halitaki maua yanayolingana.

Kusanya sehemu nne. Sehemu ya kwanza ni majani, mabua 7 au zaidi. Sehemu ya pili ni maua makubwa, 3 au 5, kama dalia, waridi au alizeti ndogo. Sehemu ya tatu ni maua ya kadiri, 7 hivi, kama zinia. Sehemu ya nne ni vitu vyepesi vya kujaza, kama giligilani, kosmosi, nyasi au masuke ya ngano.

Shika bua moja la majani katika mkono wa kushoto, kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Weka bua la pili juu yake, likilala upande. Bua la tatu nalo lilale upande ule ule. Hiyo ndiyo siri ya kazi yote: kila bua lielekee upande mmoja. Ukiongeza mabua mawili au matatu, zungusha fungu kidogo mkononi mwako, kisha endelea. Changanya majani na maua unapokwenda. Maua makubwa yasiwe mstari mmoja, wala yasiwe yote katikati. Maua mepesi yaache yapande juu kidogo kuliko mengine.

Ukimaliza, mabua ya chini yatakuwa yamepanuka kama miguu ya kigoda. Funga kwa kamba ya katani, palepale ulipokuwa umeshika. Kaza, lakini usikate mabua. Sasa sawazisha miguu kwa kisu. Simamisha shada mezani. Kama limefungwa vizuri, litasimama lenyewe.

Kwa upande wa rangi, mwanafunzi aanze na rangi mbili tu pamoja na kijani. Nyekundu na ya machungwa hupatana. Nyeupe na ya waridi hupatana. Ukizoea, ongeza ya tatu.

Kama shada ni la kukaa mezani, tumia chombo chochote kisichovuja: chungu, kibuyu kilichokatwa mdomo, au kopo tupu lililozungushiwa kitambaa cha kanga iliyochakaa. Ndani yake weka vijiti vilivyopindana ili vishike mabua. Mjini hutumia sponji ya kijani kwa kazi hii. Sponji hiyo ni namna ya plastiki, na vijiti vyetu hufanya kazi ile ile bure.

KUTUNZA

Badilisha maji kila baada ya siku mbili, na kila mara kata ncha ya mabua kidogo. Katika lita moja ya maji unaweza kutia kijiko kikubwa kimoja cha sukari na vijiko viwili vya maji ya limau. Sukari ni chakula cha ua, na limau huzuia vijidudu. Usitie sukari peke yake, maana vijidudu navyo hupenda sukari.

Usiweke shada juani, wala karibu na jiko, wala karibu na ndizi zinazoiva. Matunda yanapoiva hutoa hewa ambayo hatuioni, na hewa hiyo huyazeesha maua.

Maji yaliyotoka katika chombo usiyamwage ovyo. Yapeleke katika mti au bustani. Wakati wa kiangazi, maji ya kwanza ni ya watu, ya pili ni ya mifugo, ya tatu ni ya mboga. Maua hupata maji yaliyokwisha kuosha mboga au kunawia mikono. Mtu asimtume mtoto kisimani kwa ajili ya maua.

MAUA YA KUOGOPWA

Sikilizeni sana hapa, hasa wenye watoto wadogo. Mimea inayotoa utomvu mweupe kama maziwa, kama mnyaa na lile ua la Krismasi lenye majani mekundu, isiguswe ovyo. Utomvu ukiingia jichoni huweza kuleta madhara makubwa. Ukiupata mikononi, nawa kwa sabuni kabla ya kugusa uso. Ukiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi, kisha nenda zahanati.

Mnanaha, na kile kichaka chenye maua marefu yanayoning'inia kama tarumbeta, vyote viwili vina sumu. Visitumike katika shada, wala mbegu zake zisichezewe na watoto. Lantana ni sumu kwa ng'ombe. Ukiikata, usiitupe malishoni.

HARUSI INA TAREHE, MSIBA HAUNA

Sasa tunafika katika kiini cha somo. Sababu kubwa ya watu kununua plastiki ni kwamba siku inafika na maua hayapo. Dawa yake ni kupanga mapema, na kupanga kunataka kuandika.

Harusi ina tarehe. Tuseme harusi ya binti yako ni tarehe 24 Aprili, na mwaka huo Februari ina siku 28. Zinia huchanua baada ya majuma 10 hivi tangu kupanda mbegu. Juma moja ni siku 7. Basi 10 mara 7 ni siku 70. Hesabu siku 70 kurudi nyuma kutoka tarehe 24 Aprili. Utafika tarehe 13 Februari. Lakini kwetu kuna baridi, na mimea hukawia. Kwa hiyo panda nusu ya mbegu majuma mawili kabla, yaani tarehe 30 Januari, na nusu nyingine tarehe 13 Februari. La kwanza likikawia halitakukosesha, na la pili likiwahi litakuongezea.

Msiba hauna tarehe. Kwa hiyo kila nyumba iwe na mimea michache isiyongoja majira. Panda isale mmoja, bogenvilia moja na jerenia mbili. Ning'iniza kichwa chini, mahali pakavu penye hewa, mafungu ya masuke ya ngano na vichwa vya mtama. Yakikauka hukaa miezi mingi. Hodi ya msiba ikipigwa usiku, asubuhi utakuwa na majani mabichi, rangi kidogo, na nafaka. Nafaka juu ya kaburi la mkulima hainihitaji mimi niieleze maana yake. Shada hilo baada ya siku chache litarudi udongoni, nao mbuzi na ng'ombe hawatadhurika kwa plastiki.

DAFTARI LA MAUA

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Maua nayo ni mali. Chukueni ukurasa mmoja, mchore mistari ya kusimama, mpate nafasi nne. Juu yake andikeni: MWEZI, UA, RANGI, SIKU LILIZOKAA MAJINI. Kila mwezi andika maua uliyoyaona kiwanjani kwako. Kama hujui jina la ua, andika jina la lugha ya nyumbani kwenu, au andika sura yake: "ua la njano, refu, karibu na kisima." Hilo latosha.

Baada ya mwaka mmoja utakuwa na kitabu cha kiwanja chako, ambacho hakiuzwi dukani kokote. Msichana wa jirani akiposwa, mama yake atakuja kwako kuuliza, "Mwezi wa Machi kuna maua gani?" Nawe utafungua na kusoma. Siku hiyo hutahitaji mtu akusomee.

MANENO YA KUKUMBUKA

Shada: fungu la maua lililopangwa.
Bua: shina jembamba linalobeba ua.
Tumba: ua ambalo halijafunguka.
Petali: jani moja la rangi katika ua.
Mshazari: kulala upande.
Utomvu: maji mazito yanayotoka katika mmea uliokatwa.

MASWALI

1. Kwa nini maua hukatwa asubuhi mapema?
2. Utajuaje kwamba ua la zinia limekomaa?
3. Taja mimea miwili yenye hatari, na ueleze hatari yake.
4. Harusi ni tarehe 20 Machi, na Februari ina siku 28. Mbegu zinahitaji siku 70. Zipandwe tarehe gani?
5. Plastiki humdhuru ng'ombe kwa namna gani?

KAZI YA JUMA HILI

Kila mwanafunzi aje darasani na shada moja dogo, lisilonunuliwa. Aandike katika kipande cha karatasi majina ya mimea yote aliyoitumia, na alisomee darasa kwa sauti. Kisha mashada yote yapelekwe kwa mgonjwa au mzee wa kijiji atakayechaguliwa na darasa.

Jibu la swali la 4 ni tarehe 9 Januari. Aliyepata na asaidie ambaye hakupata. Kwaherini, ndugu wasikilizaji.